Nani Mwenyeji wa Mkomazi?

Na Mwanafunzi wa Kidato cha IV



Katika shule yetu hii ya bweni tumo watu wa kila namna. Wako Wapare wa milimani na Wapare wa tambarare, wako Wasambaa, Wachaga, Wamaasai wa Ruvu na wa Simanjiro, hata Wasukuma ambao baba zao ni watumishi wa serikali. Twala ugali na maharage katika bwalo moja, na siku ya mpira hakuna aulizaye kabila la mfunga goli. Lakini liko jambo moja ambalo likitajwa tu umoja huo huingia ufa, nalo ni ardhi. Muhula huu lilizuka tena baada ya masomo ya jioni. Mwenzetu mmoja Mmaasai alisema kwamba babu yake alizaliwa ndani ya Mkomazi. Akajibiwa palepale, “Ninyi ni wakuja tu, wenyeji wa hapa ni sisi.” Watu wakacheka, taa zikazimwa, na neno likaishia hapo.

Mimi ni Mpare, na jibu lile lilitolewa kwa niaba yangu bila mimi kuulizwa. Ndiyo maana nimeomba nafasi katika gazeti letu nieleze kwa nini silikubali.

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Mwenyeji katika Kiswahili ni mtu aliye wa mahali fulani, na papo hapo mwenyeji ni yule ampokeaye mgeni. Lugha yetu haikuona haja ya kuwa na maneno mawili. Mtu hawezi kujiita mwenyeji kwa maana ya kwanza akaikimbia maana ya pili. Tena wazee wanasema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Aghalabu methali hii hutumiwa kumkaripia mgeni mvivu, nasi darasani tumezoea kuieleza hivyo ili tupate alama. Lakini fikirini kidogo. Jembe bila mahali pa kulima ni la nini? Anayempa mgeni jembe ampa na kipande cha ardhi, na baada ya miaka michache kipande kile kitaitwa kwa jina la yule mgeni. Hivyo ndivyo watu walivyoenea katika nchi hii. Walakini methali yataja jembe tu. Haisemi mgeni apewe nini ikiwa amekuja na fimbo na ng'ombe arobaini nyuma yake. Nadhani sehemu kubwa ya ugomvi wetu imelala hapo.

Basi, je, sisi Wapare ni wa kwanza? Marehemu Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria mashuhuri aliyekuwa Mpare mwenzetu, alizunguka milimani akikusanya masimulizi ya wazee, na mwaka 1969 kikachapwa kitabu chake juu ya historia ya Wapare. Mtu akiyasikiliza masimulizi ya namna hiyo kwa makini, haoni kabila moja lililoota hapa kama mvule. Anaona koo. Ziko koo zisemazo kwamba zilitoka Taita, ng'ambo ya mpaka wa leo wa Kenya. Kule Ugweno, kaskazini, watawala wa kale walikuwa Washana, ukoo wa wahunzi, kisha wakapinduliwa na Wasuya, na utawala ukahamia kwao. Je, Mshana wa leo asimame amwambie Msuya, “Wewe ni mkuja”? Wako tena Wambugu wa Upare wa Kusini na Usambara, watu wa mifugo tangu kale, ambao lugha yao ina maneno mengi yenye asili ya Kikushi, wala si ya Kibantu. Wao tutawaweka nafasi ya ngapi katika mstari? Na kabla ya hao wote walikuwako wawindaji ambao hatuyajui majina yao.

Kila ukichimba chini ya wa kwanza unamkuta mwingine. Sisemi haya ili kuivunjia heshima milima yetu. Naipenda. Nimepanda njia ya Chome mpaka penye baridi ya Shengena, mlima uliopita mita 2,400, nami najua tofauti kati ya mahali mtu anapopita na mahali anapozikwa. Nasema tu kwamba kipimo cha nani alitangulia, hata sisi wenyewe tukipimana nacho ndani ya Upare, hakitufikishi popote.

Sasa tuje Mkomazi, maana hapo kipimo hicho kilitumiwa mbele ya majaji, na matokeo yake yanajulikana.

Kutoka mji wa Same mpaka lango la Zange ni mwendo mfupi tu. Pori la Akiba la Mkomazi lilitangazwa mwaka 1951, zamani za Waingereza. Linapakana na Tsavo ya Kenya, nalo hivi leo hutajwa kuwa na eneo la kilomita za mraba 3,245 katika mikoa ya Kilimanjaro na Tanga. Baadhi ya wafugaji waliokuwa wakiishi humo, Waparakuyo na ndugu zao, waliachwa waendelee kukaa. Miaka ikapita, watu wakaongezeka na ng'ombe wakaongezeka. Wamaasai walichunga humo, na Wapare na Wasambaa wenye ng'ombe wengi walichunga humo pia, jambo ambalo bwenini husahauliwa upesi sana. Mama zetu wa vijiji vya pembeni walipata kuni humo, na watu walitundika mizinga ya nyuki. Kisha serikali ikaona kwamba pori linaharibika na wanyama wanakwisha. Mwaka 1988 wafugaji wote wakatolewa.

Ni lazima kueleza namna ardhi kavu inavyotumiwa, kwa sababu wenzetu wa milimani hatuijui vizuri. Huku juu mtu hulima shamba lake mwaka baada ya mwaka, na akiondoka kidogo matuta yake hubaki yakimshuhudia. Kule chini mvua haitabiriki. Hunyesha upande huu leo, na mwakani upande ule. Mfugaji huifuata. Mvua ikiwa njema huenda mbali tambarareni, na kiangazi kikikaza hurudi karibu na mlima au karibu na mto ambako maji hayakauki. Kwa hiyo pori utakalolikuta tupu mwezi wa tisa huenda lina wenyewe wanaolijua kichaka kwa kichaka, nao watarudi mwezi wa kumi na mbili. Mkulima akipita huona ardhi isiyo na mtu. Afisa akipita huona vivyo hivyo. Hata babu yangu, aliyekuwa mtu wa haki sana, alikuwa akiiita nchi ile “nyika ya bure.”

Wafugaji 53 walikwenda Mahakama Kuu kudai kwamba nchi ile ilikuwa yao kwa mila. Mahakama Kuu iliwapa baadhi yao fidia ya fedha, lakini haikuwarudisha. Wakakata rufani. Mwaka 1999 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikataa madai yao, na moja ya sababu ilikuwa kwamba Wamaasai hawakuwa wa kwanza kufika sehemu zile. Walikuwako wengine kabla yao, Wapare wakiwamo.

Niliposoma habari hiyo kwa mara ya kwanza, nakiri kwamba kifua kilijaa kidogo. Mahakama kubwa ya nchi imesema sisi tulitangulia! Lakini baadaye nikajiuliza, baada ya kutajwa kuwa wa kwanza, tulipewa nini? Je, tulirudishiwa hata mti mmoja wa kutundika mzinga? Mama mmoja wa Kisiwani aliruhusiwa kwenda kuokota kuni kwa sababu yeye ni wa kabila lililotangulia? Hapana. Mwaka 2008 pori likawa Hifadhi ya Taifa, na sheria ikawa kali zaidi kwa wote. Mpare akikamatwa ndani na ng'ombe hulipa faini sawasawa na Mmaasai. Utangulizi wetu ulitumika kumnyima mwingine, kisha ukawekwa kabatini. Kipimo hicho kina nguvu ya kukataa, lakini hakina nguvu ya kutoa. Basi twajivunia nini tunapomtupia mwenzetu neno lile? Twajivunia fimbo iliyotupiga sisi sote.

Nisije nikaeleweka vibaya. Sisemi hifadhi ifungwe. Faru weusi walikuwa wameuawa karibu wote kwa ajili ya pembe zao, na tembo nao walikuwa wamepungua sana. Mwaka 1989 Bwana Tony Fitzjohn, Mwingereza aliyewahi kufanya kazi na George Adamson kule Kora, Kenya, aliitwa kuja kulitengeneza pori. Barabara zikachongwa, askari wakapata vifaa, mbwa mwitu wakazalishwa, na mwaka 1997 wakaletwa faru wanne kutoka Afrika Kusini. Hiyo ni kazi ya kusifiwa, na nchi yetu yajulikana kwayo. (Nimewahi kuwatania wenzangu kwamba wale faru nao ni wakuja, wamekuja kwa ndege, wala hakuna aliyewauliza babu yao alizaliwa wapi.) Lakini mtaalamu mmoja Mwingereza, Dan Brockington, aliyekaa sehemu hizi na kuandika kitabu kilichotoka mwaka 2002, alionyesha kwamba ushahidi wa kusema ng'ombe ndio waliokuwa wakiiharibu Mkomazi ulikuwa dhaifu kuliko ilivyodhaniwa. Hata kama hakubaliani naye, msomaji atakiri kwamba watu waliotolewa walistahili kupewa mahali pengine penye maji na majani kabla ya kuambiwa ondokeni. Mtu akitaka kumhamisha mkulima wa migomba hapa Mamba, atahesabu kila mgomba. Nani aliyehesabu majani?

Jambo hili lanikumbusha habari nyingine ya mwaka uleule wa 1951. Mwaka huo serikali ya Waingereza iliwahamisha Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili nchi yao ipewe wafugaji wa Kizungu. Tanganyika nzima ilikasirika. Watu walichanga fedha, na mwaka 1952 Bwana Kirilo Japhet akasafiri mpaka New York kusema mbele ya Umoja wa Mataifa. Hakurudishiwa ardhi siku ile, lakini aliporejea alizunguka nchini akieleza, na habari ile iliwaamsha watu wengi ambao baadaye waliingia TANU. Wameru nao wanayo masimulizi ya kuhamia katika mlima wao. Mwaka 1952 hakuna Mwafrika aliyewauliza wana karne ngapi pale. Dhuluma ilionekana kuwa dhuluma.

Kwa nini basi mwaka 1988 nchi haikukasirika vile? Nimelifikiri sana jambo hili, na majibu yangu ni mawili. Kwanza, aliyewatoa Wameru alikuwa mgeni, na aliyewatoa wafugaji wa Mkomazi ilikuwa serikali yetu wenyewe, nasi hatupendi kumlaumu mzazi mbele ya watu. Pili, Wameru walikuwa na mashamba na nyumba ambazo kila mtu alizitambua kuwa ni mali. Mwalimu Nyerere, katika maandishi yake ya mwaka 1958 yaitwayo Mali ya Taifa, alifundisha kwamba ardhi ni zawadi ya Mungu kwa viumbe vyote, na kwamba kilicho cha mtu hasa ni jasho alilolitia katika ardhi ile. Ni mafundisho mazuri, na ndiyo yaliyotuepusha na nchi kuuzwa kipande kipande kwa wenye fedha. Lakini jasho la mkulima laonekana, kwani lina matuta, mifereji na migomba. Jasho la mfugaji halionekani. Mfugaji hodari ni yule anayeondoka kabla majani hayajakwisha, kwa hiyo alama ya kazi yake njema ni kwamba hukuti alama. Tulimhesabu kuwa hakufanya kazi.

Sasa nawasikia wazazi wa tambarare wakiguna. “Mtoto huyu hajaona ng'ombe mia wakiingia katika mahindi yaliyoanza kubeba.” Nimeona. Mjomba wangu alipoteza shamba lake lote usiku mmoja, mahindi ya ada ya watoto wawili. Asubuhi alikaa chini ya mti asiseme neno. Aliyeingiza ng'ombe wale alikosa, na alistahili kulipa, nami sina huruma naye hata kidogo. Lakini nilipokwenda likizo nilimwuliza mjomba ng'ombe wale walikuwa wakienda wapi. Akasema walikuwa wakienda majini. Nikamwuliza njia yao ya majini ni ipi. Alinyamaza kidogo, kisha akaonyesha kwa kidevu. Njia ya zamani ilipita katikati ya shamba lake na la jirani yake. Alipewa shamba lile na kijiji kwa haki, kwa barua na muhuri, na katika barua ile njia ya ng'ombe haikuandikwa, kwa sababu aliyeandika hakuona kitu pale ila majani.

Na liangalieni jambo hili. Tembo wa Mkomazi wanatoka na kuingia vijijini, wanakula mahindi na kuvunja migomba. Tembo akila, twaambiwa tutoe taarifa, afisa atakuja kupima, na huenda kifuta jasho kikapatikana. Twasaga meno, lakini twasema, ndiyo mali ya Taifa. Ng'ombe akila, vijana hushika mapanga. Hasara ni moja, tena ya tembo ni kubwa zaidi. Ugomvi wetu na mwenye ng'ombe, basi, hauwezi kuwa wa mahindi peke yake. Ndani yake mna lile neno wakuja.

Wapare tunajua njia nyingine ya kugawana kitu kilicho haba, tena tunaijua kuliko watu wengi. Nchi yetu ya chini ya mlima ina kiu, kwa hiyo wazee walitengeneza ndiva. Kwa msomaji asiyetoka huku, ndiva ni bwawa dogo la kukusanya maji ya mfereji usiku ili yafunguliwe asubuhi na kuelekezwa mashambani. Ndiva nyingi zilianzishwa na koo, na baadhi zaitwa kwa majina ya koo hizo mpaka leo. Lakini nendeni Bangalala au Vudee mkatazame maji yanavyogawiwa. Yanagawiwa kwa zamu. Anayeulizwa maswali ni yule ambaye hakutokea kwenye msaragambo siku ya kuzoa tope. Mtu wa ukoo uliochimba ndiva naye akikosa msaragambo hutozwa, na mtu aliyehamia juzi akishika sepeto hupata zamu yake. Haki hutoka katika kutumia na kutunza. Haya si maneno ya kitabuni. Baba zetu wanayafanya kila juma, kisha wakishuka tambarareni wanayasahau.

Je, hayawezi kufanyika kwa majani kama yanavyofanyika kwa maji? Sheria haikatazi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ilipitishwa mwaka 1999, mwaka uleule wa hukumu ya Mkomazi. Ndani yake, inapoeleza ardhi ya kijiji ni ipi, yasema kwamba ni pamoja na ardhi ambayo wanakijiji wamekuwa wakiitumia kwa miaka kumi na miwili kabla ya sheria ile, hata kama matumizi yenyewe ni kuilaza, kulishia mifugo, au kuipita tu ili mifugo ifike malishoni. Kuipita tu! Hapo fimbo imeandikwa pamoja na jembe. Haikuweza kuwasaidia watu wa Mkomazi, maana nchi yao ilikwisha kuwa hifadhi, lakini yaweza kuwasaidia watu wa Ruvu, wa Makanya, na mjomba wangu pia, ikiwa halmashauri za vijiji zitaisoma.

Huko duniani fikira zimebadilika pia. Australia ilikaa miaka mia mbili ikisema kwamba Waingereza waliikuta nchi isiyo na mwenyewe, kwa kuwa wenyeji wake hawakuwa na mashamba ya kuzungushia ua. Mwaka 1992 mahakama kuu ya nchi ile ilikiri kwamba hiyo ilikuwa hadithi. Mwaka 2007 Umoja wa Mataifa ulipitisha Azimio la Haki za Watu wa Asili, na Tanzania ilipiga kura ya ndiyo, ingawa serikali yetu husema Watanzania Waafrika sote ni watu wa asili wa nchi hii. Mimi naona usemi huo wa serikali una hekima yake. Tukianza kugawa vyeti vya uasili kwa kabila hili na kulinyima lile, tutaishia pale pale bweni letu lilipoishia usiku ule. Lakini kama sote ni wa asili, basi na haki zote za asili ziwe za sote, mfugaji asiachwe nje.

Karibu zaidi na sisi, hapo Arusha, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitoa hukumu tarehe 26 Mei 2017 katika kesi ya Waogiek wa msitu wa Mau nchini Kenya. Kenya ilisema iliwatoa ili kuutunza msitu. Mahakama haikukubali kwamba wao ndio walioumaliza. Na hapa kwetu, mwaka 2011, Wahadzabe wa Yaeda Chini walipewa hati ya kimila ya ardhi yao, watu ambao hawalimi wala hawafugi, ambao kwa kipimo cha zamani wangeambiwa hawana jasho lolote ardhini. Tena tangu mwaka 2022 familia za Ngorongoro zilipoanza kuhamishiwa Msomera, Handeni, watu wa makabila yote wamebishana katika redio, magazeti na simu zao, wengine wakiunga mkono na wengine wakipinga. Ugomvi ule ni mkubwa kuliko gazeti la shule, nami siuingii. Nautaja kwa sababu moja tu. Mwaka 1988 Mkomazi ilipita kimya, na safari hii watu wamesema. Hata baba yangu, ambaye zamani angezima redio, alisikiliza mpaka mwisho, akasema, “Na hao ng'ombe watanywa wapi?” Hilo ndilo swali.

Nina maombi machache. Wenzangu wa Kidato cha Kwanza mpaka cha Nne, neno wakuja liacheni. Kama ni lazima mbishane juu ya ardhi, na ni vizuri kubishana, bishaneni juu ya maji, njia na majani, maana hayo yana majibu. Walimu wetu wa Historia na Jiografia nawaomba kwa heshima tufundishwe kesi ya Mkomazi kama tunavyofundishwa habari za Wameru. Kutoka madirishani twaiona nyika yenyewe, lakini twaijua Engare Nanyuki kuliko Zange.

Kwenu wazazi nina ombi la mwisho, nalo ni la kazi. Vijiji vingi vya tambarare vinatakiwa kuwa na mpango wa matumizi ya ardhi, na mpango huo hupitishwa na mkutano mkuu wa kijiji. Mkutano huo ni wa watu wenye miaka 18 na kuendelea. Mimi nina 17, kwa hiyo nitakaa nje nikisikiliza dirishani. Ninyi mtakaokaa ndani, ramani itakapoletwa mbele yenu, itazameni kabla ya kunyoosha mikono. Mtaona shule, zahanati, makaburi, mashamba na msitu wa kijiji. Mwulizeni bwana mpimaji njia ya ng'ombe kwenda majini iko wapi, upana wake ni hatua ngapi, na nani atakayeisafisha. Mwiteni mzee mmoja wa Kimaasai aonyeshe kwa mkono, maana anaijua, na mzee mmoja wa Kipare aliyekuwa mchungaji utotoni, kwa kuwa naye anaijua. Mjomba wangu amesema yuko tayari kukata hatua kumi za shamba lake ikiwa jirani yake atakata kumi. Jirani bado anafikiri.